Boksi la kuvutia nyaya na boksi la maungio: namna ya kupata saizi itakayopita ukaguzi wa NEC

Kazi nyingi hukwama mahali palepale. Mabomba yamefungwa vizuri, nyaya zimevutwa, kila kitu kinapendeza, halafu mkaguzi anatoa futi yake, anapima boksi na kulikataa. Fundi anashangaa, kwa sababu nyaya zimeenea na kifuniko kimefunga bila taabu.

Tatizo ni kwamba boksi lilichaguliwa kwa macho. NEC, kanuni ya umeme inayotumika Marekani na hutolewa na NFPA (shirika la Marekani la kukinga moto) kila baada ya miaka 3, ina hesabu mbili tofauti kabisa za boksi. Moja ni ya nyaya nene na hupima umbali. Nyingine ni ya nyaya nyembamba na hupima ujazo. Wengi wanaokosea wametumia hesabu isiyohusika, au wameshika hesabu sahihi wakaishia nusu yake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya mabomba yote yanayoingia kwenye boksi: saizi ya kila moja na upande linakoingilia.
- Orodha ya nyaya ndani ya kila bomba: namba yake, idadi yake, na zinatokea bomba lipi.
- Futi ya kupimia, karatasi yenye vyumba, penseli na kikokotoo.
- Jedwali la NEC namba 312.6(A) kwa nyaya nene na namba 314.16(B) kwa nyembamba. Tarakimu utakazohitaji zaidi nimeziweka humu.
- Toleo la NEC linalotumika jimboni kwako. Majimbo hayapokei matoleo mapya kwa wakati mmoja, na mengine huongeza masharti yake.

Saizi ya bomba ninayoitaja humu ni ile ya dukani, yaani inchi 2, inchi 3 na kadhalika. Usipime unene wa nje wa bomba ukauingiza kwenye hesabu za kuzidisha. Unene huo utautumia baadaye, wakati wa kupanga matundu.

Chagua pia mfumo mmoja wa vipimo na ubaki nao. Bomba la inchi 3 huitwa 78 kwenye mfumo wa metriki. Mara 8 ni inchi 24 (milimita 610) kwa upande mmoja na milimita 624 kwa upande mwingine. Majibu yote mawili yanakubalika, ila ukichanganya njiani utapata boksi lisilotimiza hata moja.

## Hatua ya 1: Tafuta waya mnene kuliko wote

Kwenye AWG, mfumo wa Marekani wa namba za unene wa nyaya, namba ikishuka waya unanenepa. Angalia nyaya zote zenye ganda ndani ya mabomba.

Ukikuta waya wa namba 4 au mnene zaidi (3, 2, 1, 1/0 hadi zile nene zaidi zinazopimwa kwa kcmil), hesabu yako ni ya umbali, Kifungu 314.28. Endelea na hatua ya 2.

Kama mnene kuliko wote ni namba 6 au mwembamba zaidi, hesabu yako ni ya ujazo, Kifungu 314.16. Ruka hadi hatua ya 8.

Waya wa ethi ulio uchi, hata ukiwa namba 4, peke yake haukuingizi kwenye hesabu ya umbali. Kifungu kinazungumzia nyaya zinazotakiwa kuwa na ganda, kwa sababu ganda ndilo linaloumia waya unapokunjwa kwa nguvu.

Tahadhari: hesabu zote za humu ni za mifumo isiyozidi volti 1,000. Juu ya hapo kuna sheria nyingine, na vizidisho vyake ni vikubwa mno ukilinganisha na hivi.

## Hatua ya 2: Chora boksi, kisha chora njia ya kila waya

Chora mraba. Weka mabomba pande yanakoingilia na uandike saizi zake. Halafu chora mstari kutoka bomba waya unakoingilia hadi bomba unakotokea. Usiiruke hatua hii hata kama boksi ni jepesi. Bila mchoro hujui una mvuto wa aina gani, na kizidisho hutegemea aina ya mvuto:

- Mvuto mnyoofu: waya unaingia upande mmoja na kutokea upande unaotazamana nao.
- Mvuto wa kona: unaingia kushoto, unatokea chini.
- Mvuto wa U: unaingia na kutokea upande uleule.
- Maungio: waya unakatwa na kuungwa ndani ya boksi.

Umefanikiwa ikiwa kila bomba lina angalau mstari mmoja, na hakuna mstari usiojulikana unaishia wapi.

## Hatua ya 3: Mvuto mnyoofu, zidisha kwa 8

Chukua bomba kubwa kuliko yote kwenye mvuto huo, zidisha saizi yake kwa 8. Jibu ni urefu wa chini wa boksi kwa ndani, kufuata mwelekeo wa nyaya.

Bomba la inchi 3 linahitaji inchi 24. Kama pembeni yake kuna mengine mawili ya inchi 2 ambayo nayo yamenyooka, jibu linabaki inchi 24. Kwenye mvuto mnyoofu hakuna kujumlisha. Nimeona watu wakiongeza 2 na 2 wakapata 28, wakanunua boksi la bei kubwa bila sababu.

Kwa nini mara 8, wakati waya wenyewe haupindi? Kwa sababu fundi anapovuta, hulazimika kuutoa nje ya boksi kama kitanzi, kisha kuurudisha ndani. Boksi likiwa fupi, kitanzi kile kinavunjika mgongo na ganda linachanika pale bomba linapoingilia.

Upana wa boksi kwa mvuto mnyoofu haujapangiwa kizidisho. Uamuliwe na nafasi ya mabomba na lokinati zake, yaani nati zinazokaza bomba kwenye boksi.

## Hatua ya 4: Kona, U na maungio, zidisha kwa 6 kisha jumlisha

Hapa ndipo wengi huangukia, kwa hiyo nenda taratibu.

Simama kwenye upande mmoja wa boksi. Chukua bomba kubwa kuliko yote katika safu moja ya upande huo, zidisha kwa 6. Halafu jumlisha saizi za mabomba mengine yote ya safu hiyohiyo. Jibu ni umbali wa chini kutoka upande huo hadi upande unaoutazama.

Mfano. Upande wa kushoto una bomba moja la inchi 3 na mawili ya inchi 2. Nyaya zake zinapinda na kutokea chini kupitia mabomba ya saizi zilezile.

Kushoto hadi kulia: 6 × 3 = 18, ongeza 2, ongeza 2, jibu inchi 22.

Chini hadi juu: 6 × 3 = 18, ongeza 2, ongeza 2, jibu inchi 22.

Boksi lisipungue inchi 22 kwa 22. Kinachojumlishwa ni mabomba yaliyobaki tu, maana lile kubwa limeshazidishwa.

Sababu ya kujumlisha ni kwamba mipindo hupandana. Waya wa bomba la kwanza unapopinda, unachukua nafasi ambayo waya wa bomba la pili ungepindia.

Mabomba yakiwa safu mbili kwenye upande mmoja, kila safu hupigiwa hesabu yake na unachukua jibu kubwa. Tuseme safu ya kwanza ina 3 na 2, na safu ya pili ina 2, 2, 2 na 2. Ya kwanza inatoa 18 + 2 = 20. Ya pili inatoa 12 + 2 + 2 + 2 = 18. Unachukua 20. Ukizijumlisha safu zote kwa pamoja utapata 28, na hakuna kanuni iliyokutuma huko.

Maungio nayo hufuata hesabu hii ya 6. Hata kama mabomba yanatazamana, nyaya zikikatwa na kuungwa ndani unatumia 6 na kujumlisha, si 8.

Ukiwa na kebo badala ya bomba, jiulize nyaya zilizo ndani ya kebo zingehitaji bomba la saizi gani kama zingepitishwa kwenye bomba. Saizi hiyo ndiyo unayoitia kwenye hesabu.

## Hatua ya 5: Pima kati ya matundu mawili ya waya uleule

Boksi la inchi 22 kwa 22 linaweza kukataliwa bado. Kanuni ina sharti la pili kwa kona na U: tundu ambalo waya unaingilia na tundu unakotokea visikaribiane kuliko mara 6 ya saizi ya bomba lililo kubwa kati ya hayo mawili.

Pima kutoka ukingo wa karibu wa tundu moja hadi ukingo wa karibu wa lingine, kwa mstari ulionyooka. Kipimo cha ukingo kwa ukingo ndicho kikali zaidi, na ukikitimiza hutabishana na mkaguzi.

Turudi kwenye mfano wetu. Bomba la inchi 3 na mwenzake zinahitaji inchi 18 kati yao. Yale ya inchi 2 yanahitaji inchi 12 kwa kila jozi.

Kama matundu ya jozi yako umbali sawa kutoka kwenye kona ya boksi, gawanya umbali unaotakiwa kwa 1.414. Kwa inchi 12 unapata takriban 8.5. Kwa inchi 18 unapata takriban 12.75. Huo ndio umbali kutoka kona hadi ukingo wa karibu wa tundu.

Sasa panga upande wa kushoto kuanzia kona ya chini, ukitumia unene wa nje wa mabomba mazito ya chuma:

- La kwanza la inchi 2: linaanza inchi 8.5, linaishia 10.9.
- La pili la inchi 2: linaanza 11.9, linaishia 14.3.
- La inchi 3: linaanza 15.6, linaishia 19.1.

Upande wa chini unaupanga vivyo hivyo, kuanzia kona ileile. Yote yameingia ndani ya inchi 22 na lokinati zimebaki na nafasi. Angalia kwamba makubwa yamewekwa mbali na kona na madogo karibu. Ukigeuza mpangilio huo, la inchi 3 likaanza 12.75, halafu yale mawili ya inchi 2 yakafuata, la mwisho litaishia takriban 23.3, nje ya boksi. Na ukiliweka la inchi 3 kwenye inchi 4 kutoka kona kwa pande zote mbili, umepata inchi 5.7 tu kati yao, na boksi zima ni la kurudishwa.

Kwa mvuto wa U sharti hili ndilo huamua boksi. Mabomba mawili ya inchi 3 upande mmoja: umbali hadi upande unaotazamana ni 18 + 3 = inchi 21. Lakini kati yao lazima pawe na inchi 18, na kila bomba lina unene wa nje wa inchi 3.5. Upande huo utahitaji 18 + 3.5 + 3.5 = inchi 25, kabla hujaweka nafasi ya lokinati pembeni.

## Hatua ya 6: Boksi lenye mivuto mchanganyiko

Piga hesabu ya kila mvuto kivyake, kisha kwa kila mwelekeo chukua jibu kubwa.

Tuseme bomba la inchi 3 linanyooka kutoka kushoto hadi kulia, na la inchi 2 linaingia kushoto na kutokea chini. Kwa mlalo, mvuto mnyoofu unadai 24, na kona inadai 6 × 3 + 2 = 20. Unachukua 24. Kwa wima, upande wa chini una bomba moja tu la inchi 2: 6 × 2 = 12.

Boksi la 24 kwa 12, basi. Lakini mabomba ya inchi 2 yanahitaji inchi 12 kati yao. Ukiyapanga kwa kugawanya na 1.414, la kushoto litapanda hadi inchi 8.5 kutoka chini, na la inchi 3 litakosa pa kukaa juu yake. Dawa ni kutumia urefu ulionao. Weka la kushoto inchi 1 tu kutoka kona, halafu lile la chini lisogeze kulia hadi inchi 12 kutoka kona. Umbali kati yao unazidi inchi 12 kidogo, na la inchi 3 linakaa kwa raha kati ya inchi 4.5 na 8. Boksi ni lilelile.

Watu hununua boksi kubwa zaidi kabla ya kujaribu kusogeza tundu kwenye karatasi. Jaribu kusogeza kwanza.

## Hatua ya 7: Kina, na bomba linaloingilia mgongoni

Mabomba yakiingia pembeni, kina hakina kizidisho. Hakikisha tu lokinati na bushi (pete laini ya mdomo wa bomba) zinazunguka bila kugusa mgongo wala kifuniko.

Bomba likiingilia mgongoni, yaani upande unaotazama kifuniko kinachofunguka, kanuni inakuruhusu kuacha mara 6 na kutumia jedwali 312.6(A), safu ya waya mmoja kwa kila tamino (mahali waya unapofungwa). Umbali wa chini kutoka mgongo hadi kifuniko ni huu:

- Namba 4 na 3: inchi 2
- Namba 2: inchi 2.5
- Namba 1: inchi 3
- 1/0 na 2/0: inchi 3.5
- 3/0 na 4/0: inchi 4
- 250 kcmil: inchi 4.5
- 300 na 350 kcmil: inchi 5
- 400 na 500 kcmil: inchi 6

Bila nafuu hiyo, bomba la inchi 3 lingedai kina cha inchi 18.

Kuna pia maboksi madogo kuliko hesabu hizi yanayoruhusiwa, mradi yameidhinishwa na kuchapwa kwa kudumu idadi na saizi ya juu ya nyaya. Kama chapa haipo, ruhusa haipo.

## Hatua ya 8: Nyaya za namba 6 na nyembamba, hesabu ujazo

Kila namba ina nafasi yake kwa inchi za ujazo: namba 14 ni 2.00, namba 12 ni 2.25, namba 10 ni 2.50, namba 8 ni 3.00 na namba 6 ni 5.00.

Hesabu hivi. Kila waya unaotoka nje na kuishia au kuungwa ndani ni 1. Unaopita moja kwa moja bila kukatwa ni 1. Klampu zote za ndani ya boksi, ziwe ngapi, ni 1 kwa saizi ya waya mnene uliopo. Kila fremu ya swichi au soketi ni 2, kwa saizi ya waya mnene uliofungwa kwenye swichi au soketi hiyo. Nyaya za ethi hadi 4 ni 1 kwa jumla, na tangu toleo la 2020 kila moja inayozidi 4 huongeza robo.

Kipande kifupi kinachoanzia na kuishia ndani ya boksi hakihesabiwi. Vikofia vya kuungia nyaya navyo havihesabiwi.

Mfano wa nyaya za namba 12: kebo tatu zenye jumla ya nyaya 7 zenye ganda, ethi 3, klampu za ndani, swichi moja.

7 + 1 + 1 + 2 = 11. Zidisha kwa 2.25, unapata inchi 24.75 za ujazo.

Boksi la mraba la inchi 4 lenye kina cha inchi 1.5 lina inchi 21.0 za ujazo, halitoshi. Lenye kina cha inchi 2 na 1/8 lina 30.3, linatosha. Ukibaki na lile la 21.0, unaweza kuongeza pete ya kuinulia yenye ujazo usiopungua 3.75, ila ujazo huo lazima uwe umechapwa kwenye pete yenyewe.

Wanaoshindwa hapa karibu wote wamesahau swichi. Kwenye mfano huu, ukiisahau unapata 20.25, na boksi la 21.0 linaonekana halina kosa.

## Hatua ya 9: Kabla ya kutoboa na kabla ya kufunga kifuniko

Panda hadi saizi inayouzwa. Hesabu ya 22 kwa 22 hununuliwa 24 kwa 24. Chora matundu kwa chaki ndani ya boksi halisi, weka lokinati juu ya michoro, pima tena hatua ya 5. Boksi likishatobolewa vibaya, hesabu nzuri haitalirudisha.

Zima umeme na uthibitishe kwa kipimo kabla ya kuingiza mkono kwenye boksi lenye nyaya tayari. Lainisha kingo za matundu na ondoa vumbi la chuma, kwa sababu chembe zake hukata ganda taratibu.

Kisha pitia haya:

- Nyaya za namba 4 na zaidi zinapita kwenye bushi ya plastiki au kinga nyingine laini.
- Boksi la chuma limeungwa na ethi.
- Kwenye boksi la maungio, swichi au soketi, kila waya umebakiwa na angalau inchi 6 za kufanyia kazi tangu unapochomoza kwenye bomba au kebo. Mlango wa boksi ukiwa chini ya inchi 8, waya ufike angalau inchi 3 nje ya mlango.
- Boksi lenye upande unaozidi futi 6 lina nyaya zilizofungwa pamoja au kuwekwa kwenye vishikizo.
- Kifuniko kinafikika bila kubomoa ukuta, dari wala kuchimba ardhi.

Bonyeza nyaya ndani kwa mkono mmoja. Zinapaswa kukaa zenyewe kwa mpindo mpana, bila kusukuma kifuniko na bila kukunjika pale zinapochomoza kwenye bushi. Ile karatasi ya hesabu ibandike ndani ya kifuniko, kwani mkaguzi akiikuta humo hatalazimika kuanza hesabu yake upya.